Mirambo: Mtemi Aliyeishika Njia

Desemba 1884 ilizika watemi wawili. Mirambo wa Urambo alifariki tarehe 2 ya mwezi huo, wakati wa vita vyake vya mwisho, alivyovielekeza Ukune, nchi ambayo leo iko Kahama. Nyungu ya Mawe, aliyeitawala Ukimbu kusini mwa Tabora akiwa na makao yake Kiwele, alifariki mwezi huohuo. Wote wawili walianza na watu wachache, walipambana na Tabora na waliogopwa na misafara. Baada ya vifo vyao mambo yalikwenda tofauti. Dola ya Mirambo, iliyokuwa na eneo kubwa na jina kubwa zaidi, ilianza kumeguka hata kabla Wajerumani hawajaingia Tabora mwaka 1890. Ile ya Nyungu iliendelea chini ya mrithi wake, mwanamke aitwaye Mugalula, mpaka wakoloni wakaikuta ikiwa imesimama.

Jina la Mirambo tunalo kila mahali. Liko kwenye shule ya sekondari na kambi ya jeshi mjini Tabora, na kwenye mtaa katikati ya Dar es Salaam. Darasani anafundishwa kama shujaa aliyewapiga Waarabu na kuwaunganisha Wanyamwezi. Kwamba aliwapiga ni kweli, na kwamba aliwaweka watu wengi chini ya amri moja ni kweli pia. Kinachokosekana ni swali linalofuata: ushindi ule ulijengwa juu ya nini hata usimalize miaka sita baada ya mwenyewe kuondoka?

Nalijadili swali hili nikiwa Mwakitolyo, kata ya machimbo ya dhahabu katika Wilaya ya Shinyanga. Upande wa magharibi wa hapa iko Msalala, iko Kahama, na mbele zaidi iko Ushirombo, nchi ambazo majeshi ya Mirambo yalizipita au kuziweka chini ya himaya yake. Ukanda huu ulitoa pembe za ndovu wakati ule, na sasa unatoa dhahabu. Mali yenyewe imebadilika, lakini namna inavyowakusanya vijana, inavyowainua wakubwa na inavyoondoka nchini haijabadilika sana. Jibu langu ni kwamba Mirambo aliishika njia, lakini nchi aliiacha kama alivyoikuta. Nitaeleza namna alivyoipata njia hiyo, alivyoitumia, na kwa nini haikuweza kumrithisha mtu.

Nchi kabla ya Mirambo

Katikati ya karne ya 19, Unyamwezi, Usumbwa na Usukuma hazikuwa na mfalme mmoja. Kulikuwa na tawala nyingi ndogo, kila moja ikiwa na mtemi wake, ngoma zake na ikulu yake. Mtemi alitegemewa kwa mvua na mavuno kuliko kwa vita. Tembo akiuawa katika nchi yake, pembe moja ilikuwa haki yake. Katika tawala nyingi urithi ulipitia upande wa mama, kwa hiyo kila mtemi alipofariki kulikuwa na wapwa na ndugu kadhaa wenye madai, na kila mwenye dai alikuwa na wafuasi.

Biashara ilikuwa ya wenyeji kabla ya kuwa ya wageni. Warongo wa Buzinza, katika misitu ambayo leo iko Mkoa wa Geita, waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa mpaka Unyamwezi. Chumvi ilitoka kwenye chemchemi za Uvinza. Wasumbwa walisafiri mpaka Katanga kutafuta shaba. Wanyamwezi wenyewe walipeleka pembe pwani wakarudi na nguo, shanga na waya. Wafanyabiashara Waarabu kutoka Unguja na Oman walipofika bara walizikuta njia hizi zikiwa zimekwisha kukanyagwa. Wakaweka kituo chao kikubwa Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, na kutoka hapo njia ziligawanyika: magharibi kwenda Ujiji, kaskazini kupitia Usumbwa kwenda Karagwe na Buganda, na nyingine kupitia Usukuma mpaka ziwani.

Mambo mawili yalimtangulia Mirambo na kumfundisha. La kwanza ni yaliyompata Mnywa Sele, mtemi wa Unyanyembe. Alipotaka kuwatoza ushuru wafanyabiashara wa Tabora, walimsaidia mpinzani wake, Mkasiwa, kukalia kiti. Mnywa Sele alifukuzwa karibu na mwaka 1860, akapigana akitangatanga porini, na mwaka 1865 akauawa. Kila mtemi mwenye macho aliona maana yake: Tabora ilikuwa na uwezo wa kumwondoa mtawala anayegusa mali yao. La pili ni kuja kwa Wangoni wa kundi la Watuta, ambao baada ya kuhamahama kutoka kusini walikuja kukaa Runzewe, Bukombe ya leo. Watuta waliwavamia watu ghafla, wakawakamata vijana na kuwaingiza katika vikosi vyao wenyewe. Jeshi la namna hiyo halikusubiri watoto wa ukoo wakue, kwa kuwa lilikua kwa kila ushindi.

Kuinuka kwa mtoto wa Kasanda

Mirambo alizaliwa karibu na mwaka 1840, akaitwa Mtyela, mwana wa Kasanda, mtemi wa Uyowa, nchi ndogo magharibi ya Tabora. Inasimuliwa kwamba katika ujana wake aliishi kati ya Wangoni, na namna yake ya kupigana inaipa simulizi hiyo uzito. Alirithi Uyowa akiwa bado kijana, akaiongezea Ulyankulu, akaanza kuzimeza tawala jirani moja baada ya nyingine. Makao yake makuu yakawa Iselamagazi, na nchi yote aliyoikusanya ikaja kuitwa Urambo.

Nguvu yake ilikuwa ruga-ruga. Hawa walikuwa vijana waliokatika kutoka kwenye koo zao: mateka wa vita, watumwa waliotoroka, wapagazi walioiacha misafara, yatima wa vijiji vilivyochomwa, na wengine waliokuja wenyewe kwa kutamani bunduki na nguo nyekundu. Hawakulipwa mshahara. Walipata sehemu ya nyara, na kwa hiyo jeshi lililokaa bila vita lilikuwa jeshi lenye njaa. Mirambo alimweleza msafiri Henry Morton Stanley kwamba katika vita aliwapenda vijana kuliko watu wazima, kwa kuwa macho yao ni makali na viungo vyao vyepesi. Kuna jambo jingine linaloonekana katika chaguo hilo: kijana asiye na mke, shamba wala mjomba wa kumwita nyumbani humtegemea anayemwongoza peke yake.

Anayeishi kwenye machimbo ataelewa jambo hili haraka. Mwakitolyo hukutana vijana kutoka Usukuma yote, Geita, Tabora, Kigoma na kwingineko. Duara, yaani shimo la kuchimbia, lina mwenyewe na lina msimamizi, na kijana anayeshuka chini halipwi kwa mwezi. Mawe yakitoka, mifuko hugawanywa: ya mwenye leseni, ya mwenye duara aliyegharamia chakula, magogo na pampu, na ya wachimbaji. Kila mtu hupeleka mifuko yake karashani ikasagwe na kwenye mwalo ikaoshwe, kwa bahati yake. Mawe yakikata, au habari za rashi, yaani dhahabu mpya, zikisikika kwingine, kambi nzima huhama ndani ya siku chache, pamoja na mama ntilie na wauza vocha. Ni utaratibu wenye haki yake na nidhamu yake, na umewainua wengi. Lakini umesimama juu ya mgawo wa leo. Ruga-ruga walisimama hapo hapo, tofauti kubwa ikiwa kwamba mgawo wao ulitoka katika ghala za watu wengine, na kwa damu.

Agosti 1871

Mgogoro na Tabora ulipasuka mwaka 1871. Msafara wa Waarabu uliokuwa ukienda Ujiji ulisimamishwa katika nchi ya Mirambo. Alidai mapipa matano ya baruti, bunduki tano na mitumba mitano ya nguo. Walipolipa, wakaambiwa kwamba hata hivyo hawatapita, na kuanzia siku hiyo hakuna msafara wa Tabora utakaokwenda magharibi kupitia kwake. Hongo, yaani ushuru wa njia, ilikuwa haki ya kawaida ya kila mtemi, na wafanyabiashara waliizoea. Kufunga njia kabisa kulikuwa tangazo la vita. Nyuma yake palikuwa na kinyongo cha muda mrefu: Tabora ilisimama na Mkasiwa, na Mkasiwa na Mirambo walikuwa na deni la vita kati yao.

Waarabu walikusanya jeshi la zaidi ya watu 2,000, wakiwemo watu wa Stanley, aliyekuwa akimtafuta mmisionari Livingstone na akitaka njia ifunguke. Mwanzo ulikuwa rahisi. Kijiji cha Zimbizo kilianguka. Kisha kijana wa Kiarabu, Soud bin Sayd, akachukua watu wapatao 500 kwenda Ulyankulu. Wakaingia, wakaiteka, wakajitwisha pembe, nguo na mateka, wakaanza safari ya kurudi wakiwa wamelemewa na mizigo. Mirambo hakuwa amevikimbia vita. Alikuwa amewapitisha makusudi, akawaficha watu wake kwenye majani marefu kandokando ya njia. Msafara ulipokuwa katikati, ruga-ruga wakainuka pande zote mbili. Soud aliuawa pamoja na wenzake wengi. Habari zilipofika Zimbizo, jeshi la Waarabu lilisambaratika usiku, na Stanley, aliyekuwa na homa, akarudi Tabora na watu wachache.

Tarehe 22 Agosti Mirambo akaja Tabora yenyewe. Khamis bin Abdullah, mmoja wa vigogo wa mji, alitoka kumkabili akiwa na kundi dogo la watu wake, na akauawa. Sehemu ya mji ikateketea. Mirambo hakuushikilia mji. Alichukua alichokitaka akaondoka, na hapo ndipo hesabu yake ilipoonekana wazi. Mji ungemfunga kwenye ulinzi, lakini njia iliyofungwa ilimpa nguvu bila kumfunga. Stanley alilazimika kuzunguka mbali kusini ili afike Ujiji, na mwaka uliofuata Livingstone alikwama Unyanyembe kwa miezi akisubiri wapagazi kutoka pwani wakati vita bado vinaendelea. Sultani Barghash alituma askari kutoka Unguja, nao wakarudi bila kummaliza. Biashara ya pembe, ambayo Unguja iliitegemea, ilikuwa imeingia mikononi mwa mtu mmoja wa bara.

Serombo, 1876

Miaka mitano baadaye Stanley alirudi bara katika safari yake ya pili, akakutana na Mirambo mwezi Aprili 1876 huko Serombo, ambayo ni Ushirombo ya leo, wilayani Bukombe. Alitegemea kuona jambazi. Akamkuta mtu mrefu wa umri wa miaka 35 hivi, mtulivu, mwenye sauti ya chini na adabu za mwenyeji anayejua kupokea wageni. Walichanjana udugu. Manwa Sera, mkuu wa wapagazi wa Stanley, aliwaketisha wakitazamana mkekani, akamchanja kila mmoja kwenye mguu wa kulia, akazibadilisha damu, kisha akatamka laana kwa yeyote atakayeuvunja udugu huo. Stanley akatoka pale akimfananisha na Napoleon Bonaparte, na sifa hiyo ikaenea Ulaya.

Jambo linalonivutia katika mkutano huo ni mji wenyewe. Serombo ulitawaliwa na Ndega, kijana wa miaka kama 16, jamaa wa Mirambo. Hapo tunaona jinsi himaya ilivyoendeshwa. Mtemi aliyenyenyekea aliachwa kwenye kiti chake, akatoa pembe na vijana wa vita. Aliyekataa aliuawa au kufukuzwa, na mahali pake pakawekwa mtu wa ukoo uleule wa kitemi aliyejua ni nani aliyemweka. Ngoma zilibaki, matambiko yalibaki, mipaka ilibaki. Hakuna afisa wa Mirambo aliyekaa kati ya mtemi na raia wake kwa kazi ya kila siku. Kilichoziunganisha Uyowa, Ushirombo, Msalala na nchi nyingine ni hofu ya kwamba ruga-ruga wangeweza kufika ndani ya siku chache, pamoja na faida ya kuwa upande wa mwenye njia.

Mfumo huu una akili yake, na nasita kuulaumu upesi. Mtu mwenye jeshi dogo hawezi kuweka askari katika kila kijiji. Kumwacha mtemi mahali pake kuliokoa damu na kulinda heshima ya raia. Lakini utiifu wa namna hiyo ulikuwa kwa Mirambo binafsi, na ulihitaji kukumbushwa mara kwa mara. Ndiyo maana hakupumzika. Kila mwaka kulikuwa na vita mahali: kaskazini Usumbwa na mipaka ya Usukuma, magharibi Uvinza ambako kulikuwa na chumvi na njia ya Ujiji, kusini Ukonongo na Pimbwe.

Mlango wa pwani

Ningemwonea Mirambo kama ningemweleza kama mpiganaji tu. Alielewa kwamba Tabora ilikuwa na nguvu kwa sababu ilikaa kati ya bara na soko, naye alitaka kuuza na kununua pwani moja kwa moja. Alimkaribisha mfanyabiashara wa Uswisi, Philippe Broyon. Mwaka 1879 alimpokea Daktari Ebenezer Southon wa London Missionary Society, aliyejenga kituo Urambo na kukaa naye mpaka alipofariki mwaka 1882. Kupitia watu kama hao alifungua mawasiliano na John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, ambaye kwa muda alimwona kama mtu anayeweza kuihakikishia bara amani ya biashara. Alipatana na mfanyabiashara Tippu Tip, ingawa baba yake Tippu Tip alikuwa ameoa katika nyumba ya kitemi ya Unyanyembe. Alibadilishana wajumbe na Mutesa wa Buganda.

Mpango huu ulivunjika kwa tukio moja. Mwezi Juni 1880 majeshi yake yalipoishambulia Pimbwe, Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa katika kazi ya jumuiya ya kimataifa ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, waliuawa katika vurugu. Kirk akakata matumaini naye. Yaliyotokea Pimbwe yalitokana na aina ya jeshi alilokuwa nalo. Jeshi linaloishi kwa nyara haliwezi kuchagua ndani ya moshi nani wa kuguswa na nani wa kuachwa. Siasa yake ya nje ilihitaji amani njiani, na chanzo cha nguvu zake kilihitaji vita visivyokoma. Mambo hayo mawili hayakuweza kukaa pamoja muda mrefu, na nadhani hapa ndipo penye ufa mkubwa wa utawala wake wote.

Gharama ilibebwa na watu wa kawaida. Vijiji vilijizungushia maboma ya miti na minyaa, watu wakalima karibu karibu kwa hofu ya kukamatwa mashambani. Walioshindwa walipoteza ng'ombe, nafaka na watoto. Anayesimulia ushindi wa Mirambo bila kuwataja hawa anasimulia nusu ya habari, kwa sababu wengi waliolipa gharama hiyo walikuwa Wanyamwezi, Wasumbwa na Wasukuma wenzake.

Mfalme mwingine, miaka 950 kabla

Ili kupima kilichotokea baada ya 1884, msaada unaweza kutoka mbali. Mwaka 924 Æthelstan alianza kutawala Mercia, kisha Wessex, falme mbili za Waanglo-Saksoni katika kisiwa cha Uingereza. Kama Unyamwezi, nchi ile ilikuwa imegawanyika, na wageni wenye nguvu, Waskandinavia, walikuwa wameshika York, mji mkubwa wa biashara kaskazini. Mwaka 927 aliuteka York. Tarehe 12 Julai mwaka huohuo, watawala wa Scotland, Wales na Strathclyde walikutana naye Eamont wakakubali ukuu wake. Mwaka 937 aliushinda muungano wa Olaf wa Dublin na Constantine wa Scotland katika vita vya Brunanburh. Alifariki tarehe 27 Oktoba 939 akiwa na umri wa miaka 45 hivi, bila mtoto, na kiti kikaenda kwa ndugu yake wa baba, Edmund.

Mirambo naye alifariki na miaka 44 hivi, na kiti kikaenda kwa ndugu yake, Mpandoshalo. Ufanano unaendelea: Æthelstan alipofariki tu, Olaf akaichukua York, na wafalme wa kaskazini wakaacha unyenyekevu wao. Lakini Edmund na Eadred waliomfuata waliirudisha, na kufikia mwaka 954 nchi yote ilikuwa tena chini ya mfalme mmoja. Mpandoshalo hakuweza kurudisha hata zile nchi zilizopakana na Urambo.

Tofauti haikuwa ya ushujaa. Æthelstan alirithi kutoka kwa babu yake Alfred na baba yake Edward miji yenye ngome ambayo wenyeji wenyewe walipangiwa zamu ya kuilinda. Sheria yake iliyotungwa Grately iliamuru sarafu moja katika nchi yote, na kutaja miji itakayoruhusiwa kuitengeneza. Kulikuwa na maafisa wa wilaya, mabaraza ya kusikiliza kesi, hati za ardhi, na maaskofu walioandika. Mfalme alipofariki, mtoza kodi alijua bado anamtozea nani, na mwenye shamba alijua hati yake inalindwa na kiti. Edmund alikuwa kijana wa miaka 18, lakini alikalia kiti kilichokuwa na miguu. Mpandoshalo alirithi jina, kundi la vijana wenye bunduki na orodha ndefu ya watemi waliokuwa wakisubiri siku hiyo.

Nyungu na Msiri

Msomaji anaweza kusema kwamba kulinganisha na Ulaya si haki, kwa kuwa Mirambo hakuwa na karatasi, sarafu wala vizazi viwili vya kumwandalia. Ni hoja nzito. Ndiyo maana majibu bora yako hapa hapa kwetu.

Nyungu ya Mawe alitoka katika ukoo wa kitemi wa Unyanyembe. Naye alitumia ruga-ruga, na kwa ukali usiopungua ule wa Mirambo. Lakini alipoiteka Ukimbu, nchi ya misitu yenye tawala nyingi ndogo, alizikusanya katika makundi na kuweka juu ya kila kundi mtwale, mtu wake aliyekaa hukohuko na kupeleka pembe Kiwele. Watemi wa zamani waliendelea na matambiko, lakini mtwale ndiye aliyekuwa mkono wa dola. Nyungu alipofariki watwale walikuwa na kazi na faida za kulinda, nao walikuwa na sababu ya kumtii Mugalula.

Msiri ni mfano wa pili, na huyu ni wa ukanda wetu kabisa. Alikuwa Msumbwa, mwana wa Kalasa, mfanyabiashara wa shaba. Alihamia Katanga katikati ya karne ya 19, akajenga dola ya Garenganze yenye mji mkuu Bunkeya. Alioa katika nyumba za watawala wengi wa huko, akawaingiza watu wake katika koo za nchi, na alishika chanzo cha mali yenyewe, shaba na pembe, pamoja na njia zake. Aliuawa kwa risasi tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold. Dola iliangushwa, lakini Wayeke, wazao wa Wasumbwa wale, bado wana mtawala wao Bunkeya mpaka leo.

Mifano hii inaondoa pia hoja kwamba ni ukoloni uliomaliza kila kitu. Ukoloni ulizikuta dola zote, lakini haukuzikuta katika hali moja. Hata Unyanyembe, adui wa Mirambo, ilikuwa na mtemi mwenye nguvu, Isike, aliyewapiga vita Wajerumani mpaka Januari 1893 alipojilipua ndani ya ngome yake. Urambo haikuwa tena na uwezo wa kusimama hivyo.

Hukumu

Mirambo alifanya kilichoshindikana kwa watemi waliomtangulia. Alionyesha kwamba watu wa bara wanaweza kuweka masharti juu ya mali inayopita katika nchi yao, na kwamba Tabora na Unguja hazina budi kusikiliza. Mnywa Sele alidai ushuru akapoteza kiti. Mirambo alidai ushuru akauliwa na nani? Hakuuliwa na mtu. Alikufa mtemi. Hilo ni jambo kubwa, na nafasi yake katika majina ya shule na mitaa yetu ameipata kwa haki.

Lakini alijenga juu ya vitu vitatu vinavyokwisha. Pembe zilipungua kila tembo alipouawa. Vijana wa ruga-ruga walizeeka au walihama kumfuata mwenye mgawo. Na hofu ya watu ilikuwa ya mtu mmoja, kwa hiyo ilizikwa naye. Hakuna kati ya hivyo alichokigeuza kuwa kitu cha kudumu: mtwale wa kukaa Ushirombo, ghala la akiba, soko lake mwenyewe lenye ulinzi, au ahadi kwa raia ambayo mrithi angelazimika kuitimiza. Kwa miaka zaidi ya 10 ya kushika njia kuu ya Afrika Mashariki, alikuwa na mali ya kutosha kujaribu.

Kwa sababu hiyo napendekeza historia yake ifundishwe katika Shinyanga, Tabora na Geita pamoja na ya Nyungu na Msiri, kama somo moja. Mwanafunzi asiishie kukariri tarehe za vita na Waarabu. Aulizwe pembe ziligawanywa vipi, mtemi mdogo alipata nini kwa kutii, nani alilisha jeshi, nini kilibaki kijijini msafara ulipopita. Maswali hayo yatamsaidia kuisoma nchi anayoishi. Mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6, na mwaka 2019 masoko ya madini yalifunguliwa, la Geita likiwa la kwanza. Halmashauri zina haki ya ushuru wa huduma. Hizo ni hatua za kushika njia, na ni za lazima, kwa kuwa nchi isiyotoza chochote juu ya mali yake imekubali kuibiwa.

Kazi ya pili ni ile iliyomshinda Mirambo. Fedha inayokusanywa Mwakitolyo, Msalala na Geita lazima igeuke kuwa kisima, darasa lenye mwalimu, zahanati yenye dawa na kitabu cha mapato ambacho mwanakijiji anaweza kukifungua mkutanoni na kukihoji. Viongozi wa kata na halmashauri wapimwe kwa hayo, na wapimwe wakati dhahabu bado inatoka, kwa kuwa Urambo ilikuwa na nafasi ya kujipanga wakati pembe bado zinapita.